Mihuri, Wino na Kaunta Buku: Safari ya Mawakili wa Kujitolea Wilayani Muleba

Jumapili, ndani ya meli

MV Victoria iliondoka Bandari ya Mwanza Kaskazini usiku, ikiwa imejaa abiria, magunia na magodoro, nasi tukiwa tumeketi juu ya makatoni yetu ili yasichanganywe na mizigo ya wafanyabiashara. Katoni moja lina fomu za mahakama na karatasi nyeupe. Jingine lina printa ndogo, betri ya kuiendesha pasipo umeme, kidau cha wino wa dole gumba na mihuri yetu ya ukamishna wa viapo. Anayedhani kwamba wakili wa kujitolea huenda kijijini kuhutubia angeyafungua makatoni haya angeona kwamba tunakwenda kusoma karatasi za watu, kuandika nyingine, kuwaapisha wenye karatasi hizo, na kugonga mihuri ambayo mjini hulipiwa fedha.

Kundi letu ni dogo: mawakili wa ofisi binafsi za Mwanza na wanafunzi wachache wa sheria, kila mmoja amejilipia nauli. Kabla ya kuondoka tuliwasiliana na afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewaweka watoa huduma hii chini ya Msajili katika wizara inayoshughulikia Katiba na Sheria, na mtu hawezi kutundika bango chini ya mwembe akaanza kusikiliza mashauri kwa jina la msaada wa kisheria.

Kazi yenyewe si ya jana. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilianzisha kamati yake ya msaada wa kisheria mwaka 1967, na miaka miwili baadaye ikatungwa sheria ya kumpatia wakili mshtakiwa asiye na uwezo. Sheria hiyo ya 1969 iliwatazama washtakiwa wa jinai peke yao. Mjane aliyenyang'anywa shamba hakuwamo. Ilipita karibu nusu karne kabla sheria ya 2017 haijaifuta ile ya zamani na kuyaingiza mashauri ya madai, pamoja na kuwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, yaani wale wanavijiji waliofunzwa misingi ya sheria ambao huwasikiliza majirani zao bila malipo. Tangu mwaka 2023 Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia nayo imekuwa ikizunguka mikoani, na mahema yake hujaza watu. Sina neno baya juu ya mahema hayo. Yamewafanya watu wengi wajue kwamba msaada huu upo. Ila hema huvunjwa, na shauri la mirathi huendelea miezi na miaka baada ya hema kuvunjwa, na hilo ndilo lililotufanya mara hii tukae wilaya moja wiki nzima badala ya kupita wilaya tano.

Jumatatu, Kemondo hadi Kamachumu

Tulishuka Kemondo asubuhi, tukapanda gari la kukodi kupitia Muhutwe hadi Kamachumu, njia ikiwa ya kupanda na migomba ikiwa imeshonana na mibuni pande zote mbili. Mgeni huona shamba moja lisilokatika. Mwenyeji huona mipaka, kila mmoja wa ukoo fulani, na ndani ya kila kibanja, yaani shamba la nyumbani, huona makaburi ya waliokimiliki kabla yake. Ardhi hapa ndipo mtu anapozikiwa, na bila kulijua hilo wakili atazungumza siku nzima pasipo kueleweka.

Jambo jingine la kulijua ni historia ya ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika katika mkoa huu wa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata ikaacha nyumba nyingi zikiwa na mjane peke yake, au babu na bibi wakilea wajukuu, au watoto wasio na mtu. Vibanja vilibaki mikononi mwa baba wadogo na mashemeji waliosema wanavishika kwa niaba ya watoto. Wengine walivishika hivyo kwa uaminifu mkubwa, na wengine walivishika moja kwa moja. Watoto wale leo ni watu wazima wenye watoto wao, na madai yao ndiyo sehemu kubwa ya foleni tuliyoambiwa tuitarajie.

Jioni tulikutana na msaidizi wa kisheria wa kata, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye kila mtu humwita Mwalimu tu. Alikuja na kaunta buku iliyofunikwa kwa gazeti, ambamo ameandika kila shauri lililomfikia: tarehe, jina, kitongoji, tatizo, na hatua iliyochukuliwa. Mwandiko ni ule wa ubaoni, umenyooka, na safu ya mwisho ameiita "Linasubiri nini". Tulikaa naye mpaka taa zikawashwa, tukiichambua safu hiyo. Mashauri mengi hayakuwa yanasubiri hakimu. Yalikuwa yanasubiri cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia, barua ya mtendaji, nakala ya hukumu, au nauli.

Jumanne, Kamachumu

Tulipofika uwanjani watu walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyotolewa nje, wazee mbele. Kila wakili alipewa meza na mkalimani, kwa kuwa watu wengi wa makamo huku huzungumza Kiswahili vizuri, lakini wanapofika kwenye mambo ya ukoo hurudi kwenye Kihaya, na hapo ndipo kiini cha shauri kilipo. Asubuhi ilipita kwa mambo mafupi: hati za viapo za majina yanayotofautiana kati ya kitambulisho cha taifa na cheti cha shule, matunzo ya watoto, mkopo wa kikundi uliomfanya jirani kuchukua pikipiki ya jirani. Mihuri ilifanya kazi.

Kabla ya saa sita alifika bibi mmoja wa umri wa zaidi ya miaka sitini, akapiga magoti kutusalimu kabla hatujawahi kumzuia. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi, kisha akaweka mezani mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Mumewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye msimamizi wa mirathi kwa uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo, na sasa ameanza kuuza sehemu ya shamba la kahawa lililo chini ya mlima.

"Wewe ulikuwepo kwenye kikao cha ukoo, mama?" nilimwuliza.

"Nilipika," akajibu.

Mwalimu aliyekuwa akikalimani alinitazama, nami nikaandika jibu hilo kama lilivyo. Tukaufungua mfuko. Mlikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto wa mwisho, ambaye sasa ana miaka thelathini na kitu. Stakabadhi za kahawa za chama cha msingi. Picha ya ndoa iliyoliwa na unyevu pembeni. Na karatasi moja ya daftari lenye mistari, imekunjwa mara nne hadi imeanza kukatika kwenye mikunjo. Ilikuwa karatasi ya mauziano ya mwaka 1994. Muuzaji ametajwa, mipaka imetajwa kwa majina ya majirani na mti wa mwesi, bei imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na chini, mahali pa mnunuzi, pana majina mawili: la mume, lenye saini, na la bibi huyu, lenye alama ya dole gumba la zambarau iliyofifia lakini inayosomeka.

Nilimwomba Mwalimu asome tena majina ya wanunuzi kwa sauti. Maana yake ilikuwa kubwa kuliko bibi mwenyewe alivyojua. Shamba la kahawa halikuwa la ukoo. Lilinunuliwa, na yeye ni mmoja wa walionunua. Sehemu yake katika shamba hilo haikuwa mali ya marehemu hata siku moja, hivyo haikupaswa kuingizwa kwenye mirathi wala kuwa mikononi mwa msimamizi yeyote. Watu walikuwa wakibishana naye juu ya urithi wa mjane, ilhali sehemu ya kitu kilichobishaniwa ilikuwa yake tangu 1994.

Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu katika urithi penyewe mjane wa kimila anasimama mahali pabaya. Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963 inasema kwamba mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Kanuni hiyo ilipingwa Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikubali kwamba ni ya kibaguzi lakini haikuifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaona kwamba Tanzania imekiuka haki za wajane wawili waliolalamika. Kwa upande wa pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Wakili anaweza kuifanyia kazi mivutano hiyo kwa miaka. Kwa bibi huyu nilipendelea karatasi ya daftari.

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu aliyasikia mazungumzo yetu, akaingilia kwa heshima zote kwamba mimi ni mgeni na huenda sijui kuwa mwanamke hauzi kibanja wala hasimamii cha ukoo. Nilimweleza kwamba shauri lililolizungumzia jambo hilo lilianzia wilaya hii hii, katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha: Bi Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza Agosti 1988 kwa shilingi 300,000, na siku iliyofuata mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri la kutaka mauzo yabatilishwe kwa kuwa aliyeuza ni mwanamke. Kashasha mpwa alishinda, katika Mahakama ya Wilaya akashindwa, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo, kwa kuwa Katiba imekataza ubaguzi.

"Waitu, hiyo kesi tunaijua sana," mzee akasema. "Lakini jaji yuko Mwanza, sisi tunazikwa hapa."

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kama alikuwa akilitaka. Alipofika mezani, shauri lake lilikuwa la binti yake aliyefukuzwa kwa mumewe bila kitu baada ya miaka kumi na minane, naye alitaka kujua kama kazi za nyumbani za binti yake zina thamani mahakamani. Zina thamani. Mahakama ya Rufani ililisema hilo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, na mzee aliondoka na maelezo yaliyoandikwa pamoja na barua ya kumpeleka kwenye baraza la usuluhishi la ndoa la kata, ambako shauri la talaka huanzia. Kuhusu kibanja hakusema tena.

Jumatano, kando ya ziwa

Tuliteremka mwambaoni, kwenye mwalo unaopokea mitumbwi ya visiwani. Mvua ilitufungia kwenye ofisi ya serikali ya kijiji mpaka saa nne.

Wa kwanza alikuwa kijana mlinzi wa ghala la dagaa aliyevuka kutoka Bumbire, aliyefanya kazi miaka miwili bila mkataba wa maandishi na kuachishwa kwa simu mwezi mmoja na nusu uliopita, akidai pia mishahara. Sheria za kazi zinataka malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yafikishwe kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Kwa hiyo kwenye mishahara alikuwa bado ndani ya muda, lakini kwenye kuachishwa alikuwa amechelewa, na ilibidi tuandae fomu mbili: ya mgogoro wenyewe, na ya kuomba asamehewe kuchelewa, tukieleza hali ya usafiri wa kisiwani. Alisikitika kwamba hana ushahidi. Nikamwomba simu yake. Jumbe za kupokea fedha zilikuwepo zote, kila mwisho wa mwezi, kutoka namba ile ile, kiasi kile kile. Mwanafunzi wetu alizipiga picha moja baada ya nyingine huku kijana akitazama kana kwamba simu imebadilika mkononi mwake. Tena, pasipo mkataba wa maandishi, ni juu ya mwajiri kukanusha masharti anayoyadai mfanyakazi, kwa kuwa wajibu wa kuyaandika ulikuwa wake. Tume haitozi ada ya kufungua shauri. Nauli ya kwenda Bukoba ndiyo ada.

Baadaye tulionyeshwa "hukumu" ya baraza la kata moja, ya mwaka 2023, iliyompa mtu shamba la jirani yake, ikiwa na mhuri na saini za wajumbe wote. Imeandikwa kwa uangalifu, na wajumbe walionekana kuwa wamewasikiliza mashahidi vizuri. Tatizo ni kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakayaachia usuluhishi tu. Siku hizi baraza likishindwa kusuluhisha hutoa cheti, na mlalamikaji huenda nacho kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 bila usuluhishi, anaweza kwenda hata bila cheti. Aliyeshinda aliposikia kwamba karatasi yake haina nguvu alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana hakuna aliyewafikishia wajumbe wale mabadiliko kwa namna inayoeleweka. Nililisema hilo mbele ya mtendaji, na nitaliandika kwenye taarifa yetu.

Shauri lililonikalisha usiku ni la mwanamume wa miaka arobaini na moja. Wazazi wake wote wawili walifariki akiwa na miaka saba, akalelewa na ndugu wa mama upande wa Karagwe, na kibanja cha baba yake kikashikwa na baba mdogo ambaye amejenga, amezika na amezeekea humo. Yeye alirudi mwaka jana kudai. Muda wa kudai ardhi kisheria ni miaka 12, na kwa mtoto muda hauanzi kuhesabiwa mpaka atimize miaka 18, hivyo mlango wake ulifungwa alipofikisha miaka thelathini. Angeweza kumpata wakili wa kumchukulia fedha na kumfungulia shauri hilo, na angeshindwa baada ya kuuza ng'ombe wake. Nilimweleza kwa maneno ya wazi, mara mbili, mara ya pili kupitia mkalimani, kwamba mahakama haitamsaidia, na kwamba kilichobaki ni mazungumzo ya ukoo, ambamo anaweza kuomba walau sehemu ya kujenga karibu na kaburi la baba yake.

Watu hufikiri kazi yetu ni kuwaambia wanyonge kwamba wana haki. Kumwambia mtu mapema kwamba hana kesi ni msaada pia, na mara nyingi ndio unaomwokolea mali nyingi zaidi, ijapokuwa hakuna anayetushukuru kwa huo. Hakunishukuru. Alikunja mwavuli wake, akaenda kusimama na wenzake chini ya paa la mabati.

Alhamisi, Muleba

Siku ya masijala. Tuliomba kulisoma jalada la mirathi ya mume wa yule bibi, tukapewa na karani aliyetusaidia kwa moyo. Ndani mlikuwa na Fomu Namba I ya maombi, muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya usimamizi. Fomu Namba V ya orodha ya mali na Fomu Namba VI ya hesabu hazikuwemo, ingawa kanuni za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi awasilishe orodha ndani ya miezi minne, na hesabu baada ya hapo kwa vipindi vinavyopangwa na mahakama. Miaka karibu mitatu imepita.

Kwenye muhtasari, mstari wa nne wa waliohudhuria, lilikuwepo jina la bibi, na mbele yake saini: ndefu, ya haraka, yenye mkia unaozunguka chini ya jina, ya mtu aliyezoea kalamu. Tukaiweka karatasi ya daftari pembeni yake. Dole gumba la zambarau na saini yenye mkia, jina moja. Hakuna aliyesema kitu kwa muda, kisha mwenzangu akauliza kama kitambulisho chake cha taifa kina saini au alama, tukakuta ni alama.

Kanuni zile zile zinamruhusu mrithi kuiomba mahakama iliyotoa usimamizi iutengue ikiwa ulipatikana kwa udanganyifu, au ikiwa msimamizi amepuuza wajibu wake. Tulikuwa na hoja zote mbili. Hata hivyo nilishauri tuanze na fomu ambazo hazikuwasilishwa, kwa kuwa hazihitaji shahidi wala kumwita mtu mghushi mbele ya ukoo wake, kisha muhtasari ufuate kama hoja ya pili. Mwenzangu alitaka kinyume chake, kwamba udanganyifu utangulie kwa kuwa ndio mzito. Tulibishana kwa nusu saa kwenye kibaraza cha mahakama, na bibi mwenyewe ndiye aliyeamua alipoulizwa: hataki shemeji afungwe, anataka shamba lisiuzwe. Maombi yakaandikwa hivyo, pamoja na ombi la zuio la mauzo na barua ya kuomba asamehewe ada. Akaweka dole gumba lake, safari hii kwa wino wa kidau chetu.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021, wakili anaweza kuingia Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi, na mashauri husikilizwa kwa Kiswahili mpaka ngazi za juu. Kwa hiyo kisheria ningeweza kumwakilisha. Kiuhalisia nakaa Mwanza, na shauri likiahirishwa mara nne, kama ilivyo kawaida, bibi atakuwa na wakili wa kwenye karatasi tu. Niliona bora nimpigie wakili wa Bukoba tuliyesoma naye, akakubali kulichukua bila malipo kwa sharti kwamba Mwalimu ndiye atakayemjulisha tarehe na kuwaandaa mashahidi. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili wala kutoza mtu chochote, lakini bila yeye wakili wa mjini hajui hata kama mteja wake anaumwa.

Ijumaa, gerezani Bukoba

Kwa kibali cha Magereza tulizungumza na wafungwa na mahabusu asubuhi yote. Walio wengi walitaka jambo moja: rufaa. Mfungwa anatakiwa kutoa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na kuwasilisha sababu za rufaa ndani ya siku 45, zikiondolewa siku za kusubiri nakala ya hukumu. Zile siku 10 ndizo huwaponyoka, kwa kuwa wiki ya kwanza gerezani mtu hafikirii tarehe. Tuliandika maombi ya kuongezewa muda mpaka printa ikaishiwa wino, tukamalizia kwa mkono. Askari mmoja kijana alikuwa akituuliza maswali mazuri kuhusu kuhesabu siku hizo, nasi tukamwachia karatasi ya maelezo aibandike mahali ambapo wanaoingia wapya wataiona.

Jumamosi, Bukoba

Wasaidizi wa kisheria wa kata tulizopita walikuja, tukakabidhiana majalada moja moja. Kila shauri lilitajiwa mtu wake, tarehe yake, na karatasi inayokosekana. Yasiyokuwa na mtu tuliyarudia mpaka yakapata.

Jumapili, basini kurudi Mwanza

Tulirudi kwa basi kupitia Muleba, Biharamulo na Geita, na tulipokuwa tukikaribia Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, Mwalimu akapiga simu. Shemeji wa bibi amepata wito wa mahakama. Amekwenda kwa Mwalimu na wazee wawili, anaomba mambo yamalizwe nyumbani, na yuko tayari kuliacha shamba la kahawa kama muhtasari hautasemwa.

Nilimwambia wakubaliane wanavyotaka, mradi bibi mwenyewe awepo na aseme kwa mdomo wake, na makubaliano yaandikwe na kusomwa mbele ya hakimu siku ile ile ya shauri yawe amri ya mahakama, kwa maana makubaliano ya sebuleni yangeweza kusahauliwa bei ya kahawa ikipanda. Mwalimu alikubali, kisha akauliza swali alilokuwa amelipigia simu hasa: kama itabidi mashahidi wa karatasi ya 1994 waende Muleba, na wote wawili ni wazee wasioweza kutembea hadi barabarani, nauli yao na ya bodaboda itatoka wapi. Nikamwomba aandike kwenye kaunta buku majina yao, vituo watakapopandia na kiasi cha kila mmoja, anitumie jioni, nami nitatuma fedha kwa simu kabla ya Jumatano.